Mbu wa mabusha anazaliwa chooni kwetu: hotuba kwa wenyeviti wa mitaa na wahudumu wa afya, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenyeviti wa serikali za mitaa, wajumbe wa mashina, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mama zetu na vijana mliofika: wazee shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Tumepewa nafasi ya kueleza jinsi matende na mabusha yanavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine katika jiji hili. Mazungumzo yatakaa sana chooni, na tunawaomba radhi ambao bado hawajapata chai. Mdudu anayeubeba ugonjwa huu hapa Dar es Salaam anazaliwa zaidi kwenye maji machafu yaliyotulia shimoni, nasi miaka nenda miaka rudi tunafyeka nyasi.

Tuanze na anayeambukiza, maana hapo ndipo mitaa mingi inapotazama pabaya. Ukifika Buguruni au Mbagala ukauliza nani ana ugonjwa huu, utaonyeshwa mzee mwenye mguu uliovimba, au mwanaume anayetembea kwa taabu kwa sababu ya busha. Hao ni wagonjwa kweli na wanahitaji huduma. Lakini mara nyingi damu yao haina tena kitu cha kumpa mbu. Anayeambukiza ni kijana anayecheza mpira jioni, dada wa saluni, fundi gereji. Hana uvimbe, hana homa, na hajui kama ana chochote. Watu wengi wenye minyoo hii hukaa miaka bila dalili hata moja. Kwa hiyo familia inayomtenga babu yao, kumwekea sahani yake na kitanda chake, inamwonea bure, na wakati huohuo mbu anaendelea kunyonya kwa wajukuu.

Mnyoo wenyewe anaitwa filaria. Tanzania tunaye wa aina moja anayeleta matende na mabusha, ambaye wataalamu humwita Wuchereria bancrofti. Jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita 8 hadi 10 na unene wa robo ya milimita. Dume ana sentimita 4 hivi. Wanaishi ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kutoka miguuni, mikononi, matitini na kwenye korodani. Kwa wastani huishi miaka 6 hadi 8. Katika muda huo jike huzaa mamilioni ya vijinyoo, kila kimoja na urefu wa takribani robo ya milimita, na hivi ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Busha na tende huja baadaye, baada ya mishipa ile kutanuka na kuharibika. Mnyoo mkubwa anaumiza mwenyeji wake; kijinyoo ndicho kinachosafiri kwenda kwa jirani. Mtaona mbele kwamba dawa na vipimo vyote vinategemea unamlenga nani kati ya hao wawili.

Vijinyoo vina saa zao. Mchana hujibanza kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku hujitokeza kwenye damu iliyo karibu na ngozi, na huwa vingi zaidi kati ya saa nne na saa nane usiku. Ndiyo maana kupima damu kwa darubini mchana hakufai: jibu litakuwa "hakuna" hata kama mtu amejaa. Kipimo cha darubini kinataka damu ya usiku, mikrolita 60 zinazopakwa kwenye kioo. Kile kipimo cha kijiti kinachotumia mikrolita 75 kinaweza kufanywa saa yoyote, kwa sababu kinatafuta alama za mnyoo mkubwa mwenyewe. Wahudumu, hapo kwenye kijiti tunawasihi: kisomeni dakika ya 10 kamili. Ukikiacha ukaenda kumhudumia mtu mwingine, mstari unaweza kujitokeza baadaye bila ugonjwa wowote, ukamwandikia mtu mnyoo asiokuwa nao.

Saa hizi za vijinyoo hufuata usingizi wa mtu. Mlinzi anayekesha kila siku na kulala mchana, baada ya siku kadhaa vijinyoo vyake hugeuka na kutoka mchana. Kwa jiji lenye walinzi wengi kama hili, si jambo la kupuuza mnapopanga kupima.

Sasa mbu. Katika malaria tumezoea kumtaja anofelesi, yule anayekaa ukutani ameinua mkia. Vijijini pwani, anofelesi hubeba filaria pia. Hapa jijini mbebaji mkuu ni kuleksi: mbu wa kahawia, anayetua mwili ukiwa sambamba na ukuta, anayeimba sikioni usiku wa manane. Anauma usiku, na kilele chake kinaangukia saa zilezile vijinyoo vinapojaa kwenye damu ya juu.

Kuleksi akinyonya damu yenye vijinyoo, vinatoboa tumbo lake na kuhamia kwenye misuli ya kifua. Humo vinajivua ngozi mara mbili na kukua kwa siku 10 hadi 14, kisha vinaelekea mdomoni. Usiku ule mbu akiuma, kijinyoo kilichokomaa hakichomwi ndani ya damu kama inavyotokea kwa malaria. Kinashuka juu ya ngozi, na ni lazima kitambae chenyewe hadi kwenye kitundu alichoacha mbu. Ngozi ikiwa kavu, vingi vinakufa hapohapo. Unyevu wa hewa yetu ya pwani unavisaidia.

Kuna jambo moja hapa tunalotaka mwondoke nalo. Vimelea vya malaria vikiingia kwa mbu vinazaana. Vichache vinakuwa maelfu. Filaria hazaani ndani ya mbu hata kidogo. Ni abiria wa bodaboda: wakipanda wawili watashuka wawili, na wengine huanguka njiani. Halafu akiingia mwilini bado anahitaji kukuta mwenza wa jinsia nyingine kwenye mshipa, na ipite miezi 6 hadi 12 kabla damu haijaanza kuonyesha vijinyoo vipya. Kwa hiyo mtu hapati ugonjwa huu kwa kuumwa mara moja. Anaupata kwa kuumwa na mbu wenye vijinyoo mamia kwa maelfu ya mara, mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi Rangoon, nchini Burma, ambako mbu ni huyuhuyu kuleksi, walikadiria kwamba ilihitajika wastani wa zaidi ya michomo 15,000 yenye vijinyoo kumfanya mtu mmoja awe na vijinyoo kwenye damu.

Namba hiyo inaweza kuwapa faraja ya uongo. Anayelala bila chandarua katika nyumba iliyo jirani na karo lililo wazi anaweza kuumwa na kuleksi makumi kwa usiku mmoja, na amekaa nyumba hiyo tangu amezaliwa. Fanyeni hesabu ya miaka 20.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayotupa nafasi. Chukueni mbu 100 walionyonya damu yenye vijinyoo leo. Tuseme kila siku wanakufa 15 kati ya kila 100 waliobaki: chandarua, mjusi, feni, kofi. Siku ya 12 wamebaki 14 tu wenye umri wa kuambukiza. Ukifanya wanaokufa kwa siku wawe 20 kati ya 100, watabaki 7. Umebadilisha kidogo maisha ya mbu, umepunguza nusu ya waambukizaji. Na ukipunguza idadi ya mbu wenyewe, wale 100 wa mwanzo wakawa 30, kila kitu kinashuka nacho. Kwa malaria kupunguza mbu nusu hakumwondolei mtu hatari kwa kiasi hicho, maana mchomo mmoja unatosha. Kwa mabusha, kila mbu unayemzuia kuzaliwa anaonekana kwenye hesabu.

Kuna ugumu mmoja ambao wenzetu wa vijijini hawana. Anofelesi akinyonya damu yenye vijinyoo vichache sana, vingi vinajeruhiwa na meno ya koo lake, na kwa kawaida hakuna kinachokomaa. Kuleksi ni kinyume: hata damu yenye vijinyoo vichache anavilea vizuri. Dawa inaposhusha vijinyoo mwilini hadi vikawa haba, kijijini maambukizi yanaweza kukatika yenyewe, mjini kuleksi anaendelea kuokota vile vilivyobaki. Kwa sababu hiyo hatuamini kwamba vidonge peke yake vinalitosha jiji.

Kabla ya kwenda kwenye mashimo, tumalize yale yasiyoambukiza, kwa sababu maswali haya yatawafuata nyumba kwa nyumba. Kula sahani moja, hapana. Kulala kitanda kimoja, hapana. Tendo la ndoa, hapana. Kubeba mizigo Kariakoo, hapana. Kuongezewa damu yenye vijinyoo pia hakumpi mtu ugonjwa: vitazurura kwenye damu yake kisha vitakufa, kwa kuwa bila kupita kwa mbu haviwezi kuwa minyoo mikubwa. Madafu nayo hayana kosa, na wauza madafu wamesingiziwa vya kutosha katika pwani hii. Wala msiwacheke sana wanaosema ugonjwa uko kwenye kinywaji. Patrick Manson, daktari aliyegundua mwaka 1877 huko Amoy, China, kwamba mbu ndiye anayechukua vijinyoo kutoka kwa mtu, aliamini kwa muda mrefu kwamba mbu akishafia majini, mtu hupata mnyoo kwa kunywa yale maji. Ilikuwa hadi mwaka 1900 ndipo vijinyoo vilipoonekana vikielekea kwenye mdomo wa mbu, ikajulikana kwamba vinarudi kwa mtu kwa njia ileile ya kuumwa.

Sasa twende uani.

Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili hawajaunganishwa na bomba la maji taka. Tunatumia vyoo vya shimo, makaro na chemba. Shimo lenye kinyesi kikavu halizai kuleksi. Litazaa nzi na mende. Anachotaka kuleksi ni maji yaliyotulia, machafu, yenye kivuli. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila choo ni moja tu: kuna maji juu? Katika maeneo ya chini kama Jangwani, Kigogo na kandokando ya Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu na shimo linakuwa na maji mwaka mzima. Kwenye vyoo vya kumwaga maji, karo lina maji wakati wote hata kama nyumba iko mlimani. Hivyo choo kizuri chenye vigae kinaweza kuwa kibaya kuliko cha mabati cha jirani, ikiwa mfuniko wa karo lake umepasuka. Wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hilo.

Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo, yameshikana na kuelea juu ya maji. Kwa joto la Dar es Salaam yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na ndani ya siku 10 hivi mbu wameruka. Kukagua ni rahisi. Funga kikombe kwenye mpini mrefu, fungua chemba, tulia kidogo ili viluwiluwi vilivyoshtuka vipande tena juu, kisha chota pembeni, karibu na ukuta. Viluwiluwi vya kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji. Ukiona vikiwa vimelala sambamba na uso wa maji, hao ni anofelesi, na hutawakuta mara nyingi kwenye maji kama haya. Ukiona vile vifupi vilivyojikunja, jua kwamba siku mbili zijazo utakuwa na mbu wazima.

Choo cha shimo ambacho huwezi kuchota, kipime jioni. Kabla jua halijazama, tandaza kipande cha chandarua cheupe kisicho na tundu juu ya tundu la kuchuchumalia, kibane pembeni kwa matofali, mwambie kila mtu atumie choo kingine kwa saa mbili. Mbu hutoka giza linapoingia. Ukikuta wamejaa chini ya chandarua, huhitaji mtaalamu kukuambia.

Njia wanazopitia ni nne, nazo hazilingani kwa ubaya.

Ya kwanza, na mbaya kupita zote kwa maoni yetu, ni mfuniko wa karo na chemba. Zege lililomwagwa jembamba hupasuka kona, hasa pale gari linapopita juu. Gari la kunyonya maji taka linapokuja, mfuniko hufunguliwa kwa nondo, mdomo unameguka, na baada ya kazi unarudishwa umekaa upande. Wanapokuja vyura, yaani wale wanaotoa uchafu wa shimo kwa ndoo, ni kawaida kuvunja kona ya zege ili ndoo ipite, na kona hiyo hufunikwa kwa bati na jiwe. Kuleksi hapungukiwi na nafasi hapo. Ufa wa upana wa penseli unamtosha. Tengenezeni mfuniko mpya wenye unene wa sentimita 7 hadi 8, wenye nondo au wavu wa chuma ndani na vishikio viwili vya kuinulia. Ukishakaa, ziba mzingo wake kwa udongo mfinyanzi uliolowa au saruji hafifu, ambayo ni rahisi kubandua mara nyingine. Saruji kali itavunjwa kwa nyundo siku karo likijaa, na utarudi ulipoanza.

Ya pili ni bomba la hewa. Juu yake pawe na wavu wenye tundu lisilozidi milimita 1.5, uliofungwa kwa waya kuzunguka bomba. Wavu wa plastiki unaliwa na jua na hewa ya shimo na kubomoka. Wa alumini au chuma kisichoshika kutu unadumu. Lakini msidanganyike kwamba bomba lenye wavu limemaliza kazi. Lile bomba linanasa nzi, kwa sababu nzi hufuata mwanga na bomba ndilo linaloonekana jeupe kutoka ndani ya shimo. Mbu hajali sana mwanga. Atatoka kwa njia ya tatu, ambayo ni tundu la kuchuchumalia. Hilo linahitaji mfuniko wenye mpini unaokaa vizuri, au sinki lenye mtego wa maji. Mfuniko wa tundu hudumu pale ambapo choo kina familia moja. Nyumba yenye wapangaji kumi na choo kimoja, mfuniko utapotea ndani ya mwezi. Huko bora fedha iende kwenye sinki la mtego.

Ya nne ni mtaro unaopokea maji ya karo lililojaa, na yale yanayotapishwa usiku wa mvua. Tunajua kutapisha choo ni jambo ambalo mtu hulifanya akiwa hana fedha ya gari. Lakini mvua ikikata, maji yale yanatulia kwenye mtaro ulioziba kwa mifuko na chupa, na baada ya siku 10 mtaa wote unalipa. Kuzibua mtaro ni kazi ya koleo, na faida yake inaonekana wiki ileile.

Watu wanatuuliza kuhusu oili chafu. Ndiyo, ukimwaga oili ya gereji chooni, viluwiluwi vinakosa hewa na kufa. Tando hilo linakatika baada ya muda mfupi, unamwaga tena, na oili inashuka kwenye maji ya ardhini ambayo jirani anayavuta kwa kisima. Tunaipinga.

Kuna njia ambayo ilifanya kazi vizuri Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, na ambayo hadi leo tunaona haijatumiwa vya kutosha. Vyoo vyote vilivyokutwa na mbu viliwekwa punje za polistirini, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni ndani ya boksi. Punje zinaelea na kufunika maji. Kiluwiluwi hakipati hewa, na jike hapati mahali pa kutaga. Sambamba na hilo watu walipewa dawa ya kuua vijinyoo. Watu wenye vijinyoo kwenye damu walishuka kutoka karibu nusu ya waliopimwa hadi chini ya 5 kwa 100 miaka mitano baadaye.

Kiasi kinachohitajika ni tabaka la sentimita 1. Kwa shimo lenye upana wa mita 1 kwa mita 1 hiyo ni lita 10 za punje zilizokwisha kuumuka, yaani ndoo ndogo moja. Kwa shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 ni lita 11 hadi 12. Punje ziwe za milimita 2 hadi 4. Kuvunjavunja vifungashio kwa mkono kunatoa mapande yanayoacha nafasi, na nafasi ndiyo mlango wa mbu. Punje ambazo hazijaumuka huuzwa ndogo kama mchanga, huwekwa kwenye maji yanayochemka na kufura. Kinyesi kikianguka kinapita, punje zinajifunga tena juu yake.

Palipo na mafuriko msiziweke. Shimo la Jangwani likifurika masika, punje zote zitakuwa mtoni na baharini. Na gari la kunyonya litaondoka nazo, kwa hiyo shimo linalonyonywa kila mara halifai pia. Zinafaa kwa shimo lenye kuta imara, lenye maji, lililo juu ya kiwango cha mafuriko. Vyoo vya namna hiyo Tandika na Tabata viko vingi.

Mahali pengine pote ambapo maji hayafunikiki, kuna viuadudu vya kibaolojia, ambavyo kiwanda cha Kibaha hutengeneza. Ni bakteria wanaoliwa na viluwiluwi. Kuna aina mbili, na tofauti yao ni muhimu dukani: ile ya israelensis inafanya vizuri kwenye maji yaliyo safi kiasi, ile ya sphaericus inastahimili maji machafu, ndiyo ya chemba na mtaro. Kipimo kiko kwenye lebo, kifuateni. Ndani ya siku mbili viluwiluwi vimekufa, lakini vile vilivyojikunja havili, hivyo vitaruka kama kawaida. Mtaa ukiona mbu bado wapo siku ya tatu husema dawa ni feki. Rudini na kikombe wiki inayofuata, hapo ndipo mtajua.

Chandarua. Kuleksi wa mijini wamezoea sana dawa inayopakwa kwenye vyandarua, wengi hawafi nayo. Kwa hiyo kwa mbu huyu chandarua ni ukuta tu, na ukuta wenye tundu hauna maana. Shoneni matundu. Wahini pia kukitundika, kwa sababu mama lishe, dereva wa bajaji na walio kwenye vibaraza hadi saa sita usiku wanakuwa wameshaumwa nusu ya usiku. Kwao nguo ndefu na dawa ya kupaka miguuni na kwenye vifundo ndivyo vinavyosaidia. Kuleksi anapenda miguu.

Tumalizie kwa vidonge, kingatiba kama tunavyoviita. Mpango wa taifa ulianza mwaka 2000, kisiwa cha Mafia kikiwa cha kwanza, chini ya Dkt. Mwele Malecela, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Dar es Salaam ilianza mwaka 2006. Dawa ni mbili, mara moja kwa mwaka: albendazole kidonge kimoja cha miligramu 400, na ivermectin kwa kimo. Fimbo ya kupimia inasema hivi: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 na kuendelea vinne. Wasiopewa ni watoto chini ya miaka 5 au chini ya sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa aliyezidiwa.

Dawa hizi husafisha vijinyoo kwenye damu. Minyoo wakubwa wengi wanabaki hai na baada ya miezi kadhaa vijinyoo huanza kurudi. Ndiyo sababu ya kurudia kila mwaka kwa angalau miaka mitano, hadi minyoo wakubwa wazeeke na kufa. Lengo ni asilimia 65 ya wakazi wote, na wakazi wote maana yake ni pamoja na wale watoto wasiostahili kumeza. Kama kati ya watu 100 wa mtaa 15 hawastahili, basi katika 85 waliobaki mnahitaji 65, zaidi ya robo tatu.

Hapo ndipo mnapokwama, na si kwa uvivu. Mgawa dawa anapita saa nne asubuhi, akina mama na watoto wapo, wanaume wametoka. Wanaume ndio mara nyingi wenye vijinyoo vingi zaidi. Asipokutwa mwaka huu na mwaka ujao na mwaka unaofuata, rejista inaweza kusomeka asilimia 70 kila mwaka na mtu huyohuyo akabaki mtungi wa kumlisha kuleksi. Kwa hiyo msituletee asilimia peke yake. Tuandikieni idadi ya watu ambao hawajawahi kumeza hata mara moja, na muwafuate Jumapili, vijiweni, gereji, kwenye vituo vya bodaboda saa moja jioni. Wengine watasema vidonge vinaua nguvu za kiume. Haviui. Kinachomharibia mwanaume hapo ni busha. Wengine walimeza wakapata homa, kichwa na muwasho. Waelezeni kwamba kwa kawaida hayo hutokana na vijinyoo kufa, na hupita kwa siku moja hadi tatu. Anayevimba uso au kushindwa kupumua apelekwe kituoni mara moja.

Halmashauri ikifikia vigezo, watoto wa miaka 6 na 7 hupimwa kwa kijiti, na majibu yakiwa mazuri ndipo ugawaji husimama. Hao wamezaliwa dawa zikiwa zimeshaanza kugawiwa; akikutwa mmoja ana mnyoo, ameupata karibuni na karibu na kwao. Ukiambiwa mtoto wa mtaa wako kaonekana, usianze na kumhoji mama yake kuhusu safari za kijijini. Chukua kikombe chenye mpini ukague chemba za nyumba zinazomzunguka.

Kwa wenye busha tayari: lisinyonywe kwa sindano, maji yanarudi na usaha unaweza kuingia. Upasuaji wake ni mdogo na hufanywa hospitali za wilaya. Daktari kwanza atofautishe kama ni busha au ngiri. Mwenye tende aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaushe katikati ya vidole, na auinue akiwa amekaa. Mtoki, homa na mguu kuwa mwekundu ghafla ni bakteria walioingia kupitia michubuko ya ngozi, na hutibiwa kwa antibayotiki siku hiyohiyo.

Mtaa ukitaka kuanza, tunashauri uanze Februari, kabla ya masika, kwa mashimo yenye maji peke yake. Gawaneni nyumba, wajumbe wawili kwa kila shina, na kila nyumba iandikwe mambo matatu: kuna maji au hakuna, mfuniko mzima au umepasuka, viluwiluwi vipo au havipo. Mfuniko uliopasuka ni wa mwenye nyumba kulipia, hata kama mpangaji ndiye anayeumwa. Mkikubaliana hivyo kwenye mkutano wa mtaa, andikeni kwenye muhtasari, muweke sahihi, na mrudi kukagua baada ya siku 14.